Mwenye Eda Hapaki Dalia

Mama yangu alianza kuwashwa mwaka ule nilioolewa, na kwa muda mrefu lawama zilinishukia mimi. Waliosema walikuwa na hoja yao. Kwa ajili ya arusi yangu alisaga dalia na singo mchana kutwa kwa wiki nzima, maana binti wa kungwi hawezi kuingia kwa mume na harufu ya kuazima. Arusi ilipokwisha tu, viganja vyake vikaanza kuwasha. "Ile dalia ya mwanawe ndiyo iliyomlipukia," wakasema. Niliposikia nilicheka. Nilikuwa bibi arusi mpya kule Tumbe, nina mume anayenunua samaki pwani na kuwakimbiza Konde kwa baiskeli kabla hawajaharibika, na sikuwa na nafasi ya kufikiria viganja vya mtu.

Kwetu ni upande wa Gando. Mama alijulikana pale kwa kazi moja, kuwatengeneza maharusi. Msichana akishawekwa ndani, yeye ndiye aliyeitwa kwenda kumsugua singo ya asumini, mkadi, liwa na karafuu, kisha kumpaka dalia, ule unga wa njano wenye harufu nzuri unaoifanya ngozi ing'ae. Dalia haitoki upesi. Ilikaa kwenye kucha za mama, kwenye mistari ya viganja, kwenye pindo za kanga zake na kwenye mpini wa kila kijiko cha nyumba yetu. Tangu nipate akili sikuwahi kuiona mikono yake ikiwa na rangi yake yenyewe. Nalieleza hili mapema kwa sababu msomaji asiyelijua hataelewa vipi watu wenye akili zao timamu walifanya upumbavu walioufanya.

Muwasho wenyewe ulikuwa wa ajabu. Hapakuwa na kipele, wala ukurutu, wala uvimbe. Ngozi ilikuwa safi kama ya mtu mzima wa afya, mpaka pale kucha zilipopita. Ulianza viganjani na kwenye nyayo, ukapanda miguuni, ukafika mgongoni, na jua likishazama ulikuwa ukizidi. Nilipokwenda kumtembelea nikakuta ameliviringisha godoro na kulisimamisha ukutani. Alikuwa akilala juu ya kamba tupu za kitanda ili mgongo upate pa kujisugulia. Chini ya mto aliweka gunzi la hindi la kujikunia.

"Wajikuna nini weye namna hiyo?" nilimuuliza, nikimkamata mkono.

"Niache, mwanangu," alisema. "Si ngozi inoniwasha. Ki chini ya ngozi. N'najikuna juu, chenyewe ki ndani kinanicheka."

Nilimwambia aache kujikuna. Kila mtu alimwambia hivyo. Nadhani katika miaka ile miwili mama hakusikia maneno mengine kwa wingi kuliko hayo, hata salamu. Baba alimwambia, majirani walimwambia, watoto wa jirani walimwambia kwa kumwiga baba. Ilikuwa kama vile mtu anapiga kelele kwamba nyumba inaungua, na wote mnamwambia ateremshe sauti.

Dawa zilitafutwa, siwezi kusema hazikutafutwa. Dresa wa dispensari alimpa marhamu ya upele yenye kunuka kama yai viza, tukapakwa sisi sote tuliokuwamo nyumbani, na baba akahamishia mkeka wake barazani kwa hasira. Wengine walisema ni upupu wa shambani. Ilipofika vuno la karafuu wakasema ni vumbi la karafuu, ingawa kila mtu kijijini alikuwa ndani ya vumbi hilo na waliojikuna hawakuonekana. Alikunywa kombe, maji yaliyooshewa aya, mpaka akalichoka. Mganga mmoja akasema ana ruhani, na ruhani huyo akataka jogoo mwekundu. Akapewa. Jogoo akaenda zake, muwasho ukabaki.

Lakini neno lililowakaa wengi ni kwamba ni kazi yake. Baba naye alishika hilo. "Iache hiyo dalia," alikuwa akimwambia, "uone kama hutopona." Mama aliiacha mara kadhaa, kwa siku chache. Alipoendelea kuwashwa wakasema bado haijamtoka mwilini. Na kwetu karafuu zikishauzwa watu huoa, kwa hiyo kila alipoiacha kulikuwa na mama wa mwari mlangoni anabembeleza, "Bi, mwanangu atatengezwa na nani kama si weye?" Mama hakuwa na moyo wa kukataa. Alikwenda, akarudi na mikono ya njano, na majirani wakapata jibu lao tena.

Alianza pia kuchoka. Mwanamke aliyekuwa akitwanga huku akisimulia hadithi na kucheka, sasa aliweka mchi chini katikati ya kinu na kukaa. Mashavu yakaingia ndani. Kwenye kope zake za juu, karibu na pua, palitokea vijivimbe vidogo vya njano, na mimi mwenyewe nikavipangusa kwa upindo wa kanga nikidhani ni dalia iliyomrukia. Havikutoka. Nikaendelea na mazungumzo mengine.

Kisha baba akafa. Ilimshika homa, na kabla hatujajua kama ni homa ya kutisha, akawa amekwisha. Sitaeleza msiba huo hapa. Naeleza tu kwamba mama alikaa eda, na aliyekuja kumsimamia alikuwa shangazi yangu, dada mkubwa wa baba. Shangazi hakuwa na mtoto. Baba alikuwa mdogo wake wa mwisho, alimlea kwa mkono wake baada ya mama yao kufa, na alimlilia kama watu wanavyowalilia watoto wao. Mume wangu alinipa ruhusa nibaki nyumbani kumsaidia mama, nami nikabaki.

Mwenye eda hajipambi. Hapaki manukato wala wanja, hafukizi udi, havai nguo ya kupendeza, hatoki nyumbani bila ya dharura, mpaka imalizike miezi minne na siku kumi. Siku ile ya kwanza shangazi alipita chumbani na kapu. Akachukua chungu cha dalia, kopo la singo, chetezo, chupa ya manukato ya halud, kichupa cha wanja, akavipeleka kwake. Alifuta hata rafu. Mama alikuwa amekaa pembeni amejitanda nguo nyeupe, akaangalia maisha yake yote yakitolewa mlangoni.

Na mimi, katika huzuni ile ya kumpoteza baba, nilipata faraja moja ya siri. Nilijiambia sasa mama atapona. Kile tulichoshindwa sote kumfanya akiache, dini imemwachisha. Miezi minne bila ya kugusa dalia! Nikawa nahesabu kwamba siku atakapotoka eda atatoka na ngozi mpya, na mikono yenye rangi ya mikono.

Wiki zikapita. Muwasho haukupungua. Uliongezeka. Alijikuna mpaka mashuka yakawa na madoa ya damu, nikawa nayafua alfajiri kabla ya wageni kuja kumpa pole. Alijikuna wakati wa kusali, na baada ya kutoa salamu akalia kwa aibu. Usingizi wake ukawa wa kuchupa, mara amelala ameegemea ukuta, mara yuko chini kwenye sakafu ya udongo kwa sababu ni baridi. Nikaanza kuogopa, lakini sikujua naogopa nini.

Aliyeona rangi alikuwa shangazi. Tulikuwa tunakula muhogo, watu watatu, chumba kina giza kwa vile dirisha lilifungwa. Mama alinyoosha mkono kuchukua kipande, ukapita kwenye mwanga wa mlangoni, na shangazi akaukamata kifundoni.

"Nini hiki?"

"Nkono wangu," alisema mama.

"N'nauliza hii rangi. Wapaka nini, wifi?"

"Sipaki kitu. Vyangu vyote unavyo weye."

Shangazi aliupeleka mkono ule puani, akaunusa kiganja, akanusa katikati ya vidole. Haukuwa na harufu yoyote ila ya muhogo. Akageuza upande wa pili. Ngozi ilikuwa ya njano kuanzia kucha mpaka kwenye kiwiko, njano iliyoiva kuliko ile niliyoizoea. Kwa mara ya kwanza nami niliiona kweli. Shangazi aliuachia mkono, akaondoka bila ya kunawa.

Siku ya pili alikuja kupekua. Alinyanyua mikeka, akakung'uta nguo, akatia mkono ndani ya mtungi wa maji. Nilipomwambia hakuna kitu, akaanza kupekua upya. Sasa namwelewa zaidi kuliko siku ile. Ndugu yake bado udongo wake haujakauka, na mkewe anang'aa kama mwari wa kuingia kwa mume. Kwa macho yake yeye hilo lilikuwa na maana moja tu, kwamba mjane anajitengeneza kwa siri, na mwanamke hajitengenezi kwa ajili ya ukuta.

Sijui alimwambia nani. Huenda mtu mmoja tu, inatosha. Ilikuwa miaka ile ya mwisho ya Waingereza, siasa imeingia mpaka jikoni. Watu wa chama hiki walikuwa hawanunui kwenye duka la watu wa chama kile, wengine hawazikani. Lakini jambo moja lilipatikana ambalo pande zote mbili zililikubali, kwamba mama yangu anapaka dalia ndani ya eda. Wanawake waliokuja kumpa pole walikaa kidogo, wakamwangalia mikono, wakaaga. Baadaye wakaacha kuja. Mwanamke mmoja ambaye mama alimtengenezea binti zake wote alipita mbele ya nyumba yetu akageuza uso. Laiti ningekuwa mkubwa kidogo ningemfuata nimwambie lake. Nilibaki mlangoni na ufagio mkononi.

Mama alijua. Hakuna mtu aliyemwambia, lakini nyumba isiyobishiwa hodi hujisema yenyewe. Kwa muwasho alikuwa amelia mbele yangu mara nyingi. Kwa hili hakulia. Aliniambia tu, "Baba yako angekuwapo, angewaambia." Nikataka kumjibu kwamba baba angekuwapo pasingekuwa na eda, lakini uso wake ulinizuia.

Kisha shangazi akaja na majivu na ndimu. Aliviweka kwenye sahani moja ya bati, na kumbi la nazi juu yake. Alikaa mbele ya mama, akasema kwa upole ambao ulinitisha zaidi, "Lete nkono, wifi. Tuondoe hii aibu, siye wenyewe, ndani."

"Shangazi, mikono ina vidonda," nilisema.

"Vidonda vitapona. Lete nkono."

Mama akautoa. Shangazi akapaka majivu, akakamua ndimu, akasugua kwa kumbi kama mtu anayesugua sufuria iliyoungulia. Ndimu iliingia kwenye michubuko yote aliyojichuna kwa kucha. Nilisubiri mama apige ukelele. Alifumba macho, machozi yakamtoka, lakini uso wake ulikuwa unalegea, na nilishindwa kuelewa naona nini. Shangazi alipotua kuvuta pumzi, mama alinyoosha mkono wa pili.

"Nsugue na huu, wifi," alisema. "Nsugue kwa nguvu. Walahi, leo n'pata kupumua."

Shangazi aliangusha kumbi. Maji yaliyoshuka kwenye sahani yalikuwa ya kijivu, ya majivu na damu kidogo. Hayakuwa na njano. Na mkono, pale uliposafika, ulikuwa njano ile ile. Mimi nikadhani sasa ameelewa. Alichosema alipokuwa anainuka ni hiki: "Kaitia ndani nno. Kafanya kusudi, isitoke." Nikaona kwamba mtu akishaamua, hata ushahidi unaomkatalia huufanya shahidi wake.

Alipoondoka niliyaosha majeraha kwa maji ya vuguvugu. Mama aliniegemea. Akaniambia jambo alilokuwa akilionea haya, kwa sauti ndogo ingawa tulikuwa wawili tu.

"Mwanangu, miye n'nakojoa chai."

"Chai vipi?"

"Chai kavu. Nyeusi. Na choo changu ki cheupe, kama udongo wa kupakia ukuta. Tangu kabla ya babako kufa."

Sikuwa nimesoma zaidi ya chuo cha Kurani na miaka michache ya skuli, lakini hilo halikuhitaji kusoma. Niliinuka nikafungua dirisha. Shangazi alikuwa amelifunga tangu siku ya msiba na kulikaza kwa kijiti. Nikakivunja. Jua likaingia chumbani, likampiga mama usoni, naye akajikinga kwa mkono.

"Ondoa mkono, mama. Niangalie."

Akaniangalia. Weupe wa macho yake haukuwepo. Kote kuzunguka mboni palikuwa njano, njano kabisa, pande zote mbili. Miaka yote tulisema ni moshi wa udi, ni wanja, ni kuchoka. Sasa hapakuwa na udi wala wanja. Hakuna mwanamke duniani, hata awe hana haya kiasi gani, anayepaka dalia ndani ya macho.

Nilikimbia nikamwita shangazi. Alikuja, akasimama dirishani, akamwangalia mama machoni kwa muda. Kisha akajifunika ushungi akatoka. Hakusema amekosea. Si kwetu wala kwa wale aliowaambia. Nilimchukia siku ile kwa chuki ambayo sijawahi kumchukia mtu mwengine, na nimewachukia watu kadhaa.

Ami yangu, ndugu mwengine wa baba, ndiye aliyekuwa na neno la mwisho nyumbani. Nilimkuta barazani kwake anasuka ukili wa mkeka. Nikamweleza yote, hata ya choo, nikiangalia chini. Aliendelea kusuka.

"Mwenye eda hatoki, mwanangu," alisema.

"Anaumwa, ami."

"Kaumwa miaka miwili. Atashindwa kungoja miezi miwili? Weye unajua yanosemwa. N'ntoe huyu mjane wa ndugu yangu, nimpakie gari, apite mbele za watu na rangi ile? Watasema nini?"

"Watasema anaumwa."

"Hawatasema hivyo."

Alikuwa sahihi, na hilo ndilo lililoniudhi. Nilikwenda kwa shehe moja kwa moja, bila ya idhini ya mtu. Alikuwa anasomesha watoto na koo limemkauka, akanisikiliza kwa kero, jicho moja kwa watoto waliokuwa wanapigana mateke chini ya jamvi. Hata sikumaliza. "Mgonjwa apelekwe hospitali," alisema. "Maradhi ni dharura. Hivi nyie mwadhani Mungu kamwekea mjane eda ili afe?" Kisha akamgeukia mtoto akamwambia arudie aya. Nilirudi na maneno hayo kwa ami, naye akaweka ukili chini.

Hata hapo hatukuondoka upesi. Gari la kwanza lililopita lilikuwa la watu wa chama kingine, ami akaliachia lipite. Nilimwambia likipita jingine nitalala njiani. Alipoona sifanyi mzaha akalisimamisha la pili bila ya kuuliza ni la nani. Ami akakaa mbele na dereva, mama tukampandisha juu ya magunia ya karafuu, amejifunika mpaka usoni, na mimi nimemshika mikono ndani ya buibui ili asijikune mbele za watu.

Hospitalini mjini daktari alikuwa kijana, anazungumza Kiswahili cha Unguja, taratibu, kama anayesoma gazeti. Alimwangalia macho, ulimi, viganja. Alimlaza akambonyeza chini ya mbavu za kulia, mama akakunja uso. Akauliza mkojo ukoje, choo kikoje. Kisha akauliza swali ambalo hakuna mtu aliyewahi kuuliza kwa namna ile.

"Unawashwa?"

Mama alinitazama mimi kwanza, kama anayeomba ruhusa.

"N'nawashwa, bwana," alisema.

"Muwasho ulianza kabla ya rangi hii, au baada?"

"Kabla. Kabla sana."

"Bila ya vipele?"

"Bila kipele hata kimoja."

Daktari akaitikia kwa kichwa. Akamweleza kwamba ugonjwa uko kwenye ini. Nyongo imeziba njia, haitoki inapotakiwa kutoka, inarudi kwenye damu na kutembea mwili mzima, ndiyo inayowasha na ndiyo iliyobadilisha rangi. "Ule muwasho ndio ulikuwa ugonjwa wenyewe," alisema. "Ngozi yako haina kosa. Ulikuwa mgonjwa tangu siku ya kwanza."

Mama aliinuka akakaa kitandani. Ushungi ulimteleza, akauacha. "Kumbe n'mgonjwa!" alisema. "Alhamdulillahi! Kumbe miye n'mgonjwa kweli!" Akamshika daktari mkono, yeye mwanamke wa eda, akamshika mkono mwanamume asiyemjua. "Mwambie huyu shemeji yangu. Yupo hapo nje. Mwambie kama si dalia."

"Dalia gani?" aliuliza daktari.

Akamwita ami, akarudia yote mbele yake. Mama alikuwa akiitikia kila neno kwa kichwa kama mwanafunzi anayesomewa matokeo mazuri. Kisha daktari akatutoa nje mimi na ami, akasema yaliyobaki kwa sauti ya chini. Ini lilikwishakakamaa. Angempa dawa ya maji ya kupoza ngozi. Ya kuponya hana, na Unguja pia hawana. Ami aliuliza muda gani. Daktari alisema miezi, kama Mungu akipenda. Ami akamshukuru.

Njiani kurudi mama alizungumza kama alivyokuwa akizungumza zamani. Aliuliza habari za mume wangu, akamtania dereva kwamba anaendesha kama anayepeleka mayai. Alijikuna waziwazi, mikono yote miwili, na sikumzuia. Tulipokaribia nyumbani akaniinamia.

"Ukishanshusha miye, pita nyumba kwa nyumba," alisema. "Waambie kasema nini daktari. Usiruke nyumba."

"Huulizi alituambia nini kule nje?"

"Hayo yenu. Weye waambie la ini."

Nikapita. Kila nyumba nilibisha hodi, nikakaribishwa, nikasimama pale pale uani nikasema: mama ana ugonjwa wa ini, daktari kathibitisha, ile rangi inatoka ndani, si dalia. Na kila nyumba walifurahi. Walifurahi kweli, sitawasingizia. "Alhamdulillahi," walisema, "tulijua tu, mama yako si wa mambo hayo." Wengine walinikumbatia. Yule aliyegeuza uso alinipa ndizi za mkono mzima nimpelekee. Nami nikapokea, nikatabasamu, nikaondoka kwenda nyumba ya pili nimechangamka kama mtu anayealika arusi. Heshima ya mama ilikuwa imerudi. Nilihisi nimefanya kazi kubwa, na jua lilikuwa bado halijashuka.

Nyumba ya shangazi niliiacha ya mwisho. Nilitaka asikie kwa wengine kwanza, akae nalo. Nilimkuta amekaa kwenye kizingiti, hana kazi mkononi, na kwake kukaa bila kazi halikuwa jambo la kawaida. Sikumwamkia shikamoo. Nikalisema lile neno langu kama nilivyolisema kote, ila kwa sauti ya juu zaidi, nikasubiri alhamdulillahi yake ili nipate kuitukana moyoni.

Aliniangalia.

"Atapona?" aliuliza.

Katika nyumba zote zile hakuna mtu aliyeniuliza hivyo. Mama hakuuliza. Mimi mwenyewe, nilitambua pale, tangu tutoke mjini nilikuwa sijajiuliza.

"Hapana," nilisema.

Shangazi akasogea kwenye kizingiti akanipa nafasi, nami, kwa kuwa hapakuwa na pengine, nikakaa karibu naye nikalia.